Mume Wangu Anataka Nikiri Wadudu wa Kazini Ndio Waliomuua Mtoto Wetu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo kinachopokea maganda na matunda yaliyooza kutoka sokoni, tunayasaga, tunayatia kwenye mapipa makubwa ya chuma yenye bakteria waliobadilishwa na wataalamu ili wakila ule uchafu watoe asidi ya kutengenezea plastiki inayooza, na kazi yangu ni kuwalisha na kuangalia joto lao, na kwa utani wetu tunawaita watoto, tunasema watoto wameshiba, watoto leo wamesusa.

Binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, alikufa hata kutambaa hajaanza. Alishikwa na nimonia, akakataa ziwa, nikakamua maziwa nikamnywesha kwa kijiko yakawa yanamwagikia shingoni, daktari akahangaika naye mpaka Mungu akamchukua. Baada ya maziko nilirudi kazini mapema, watu wakasema nina moyo mgumu, lakini mshauri, kule kuna kitu nikikipa chakula kinakula.

Sasa siku moja niko jikoni, mwenzangu wa kazini akanipigia simu kuuliza hali ya pipa nililolilisha, nikamjibu, "Watoto hawajambo, wanakula vizuri sana," nikacheka, kumbe mama mkwe yuko mlangoni. Akaniuliza watoto gani, na wa kwetu tumemzika juzi? Nikamweleza, na kueleza ndiko kulikoniponza, maana alichokishika ni kwamba nafuga wadudu, na kwamba nilikuwa nikitoka kwa wadudu naja kunyonyesha.

Tangu hapo mume wangu anakula kwa mama yake na kulala sebuleni. Nimemwambia wale bakteria wametengenezwa hivi kwamba wakitoka pipani wakakosa lishe yao wanakufa, nimemwambia naoga na kubadili nguo kabla ya kurudi, wapi. Juzi akaja akakaa kitandani, akasema kwa upole, "Mke wangu, sema tu ni hao wadudu. Nikishajua ni nini nitapoa, na nitakusamehe." Mshauri, nampenda na nimechoka. Nikisema ndiyo ili nyumba itulie, nitakuwa nimekosea?

Mlisha Mapipa

Jibu:

Mwanangu, pole sana. Ipokee pole yangu kwanza, maana kukugombeza nitakugombeza.

Usikiri. Leo atakusamehe, kesho mkijaliwa mwingine atakuwa anakutazama mikono kila ukimbeba, na siku mkikosana kwa chumvi tu kuzidi kwenye mchuzi atakukumbusha kwamba uliua. Wewe mwenyewe ukishalisema utaliamini. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe unataka kujikwaa kwa makusudi.

Mimi si daktari, kwa hiyo rudini kwa yule aliyemtibu mtoto. Mumeo aulize mwenyewe kilichomuua mwanawe, na wadudu wa kazini kwako wanahusikaje. Mama mkwe akitaka kuja, aje. Wewe kaa kimya, kwa sababu kwa sasa kila unachosema nyumbani kwenu kinasikika kama cha mshtakiwa.

Kazi usiache, lakini hilo neno "watoto" liache huko huko. Bibi aliyefiwa na mjukuu anakusikia unacheka ukisema watoto wanakula vizuri, ulitaka afikirie nini? Kwa kukutuhumu amekosea, na mumeo amwambie hivyo. Kwa kushtuka, msamehe. Na wewe bwana, kama gazeti hili limekufikia, umekosa wa kumlaumu ukamgeukia aliye karibu. Rudi chumbani kwako.

La mwisho, mwanangu. Barua yako nimeirudia kuisoma. Umenieleza maganda, umenieleza bakteria na mama mkwe na mume anayelala sebuleni, lakini hakuna mahali ulipoandika kwamba umelia. Mumeo anachokiona ni mke anayewahi kazini, na hajui unafuata nini kule. Kabla ya daktari, kaa naye umwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba kule kuna kitu ukikipa chakula kinakula. Kilio kikija usijikaze. Lia, akuone. Nadhani naye hajapata wa kulia naye.