Leta Maiti

Jumatatu, 17 Februari 2025

Redio yetu bado imefungwa. Nimeenda Majengo kwa miguu kuangalia gari langu. Liko palepale kwa fundi Kambale, kwenye uwanja wa mafundi, boneti wazi, juu ya mawe meusi. Pampu ya maji imekufa na mjini Goma hakuna nyingine.

Vipuri vipo Kampala. Shida ni kulipa. Benki zimefungwa tangu waasi walipouchukua mji mwezi uliopita. Fundi anampa komisionere, dalali anayesafiri kuleta vipuri, noti mkononi, kisha anasubiri. Wengine wameletewa bandia. Wengine hawajaletewa kitu.

Hapa hununui kipuri bila kuonyesha kile kibovu. Mafundi wanakiita maiti. "Leta maiti," muuzaji anasema, kisha anaviweka viwili sambamba na kuvilinganisha kwa vidole. Zamani neno hilo lilinichekesha. Mwezi uliopita niliripoti maiti za kweli, barabarani. Sasa linanikwaruza. Mafundi bado wanalisema, kwa mazoea.

Jumatano, 19 Februari

Kambale amekusanya mafundi wa uwanja. Pendekezo lake: waagize pamoja, safari moja. Fedha apewe Mama Zaina, muuza vipuri, ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Kaka yake yuko Kampala. Atamlipa muuzaji kule, na Mama Zaina atamrudishia kwa bidhaa. Hakuna noti itakayopita barabarani. Sefu, mpwa wa Mama Zaina, atabeba maiti kwenda na vipuri kurudi.

Ni mpango mzuri. Nimeuangalia kila upande.

Muhindo peke yake alikataa. Yeye ni shemeji wa Kambale. "Komisionere akinikimbia, nitamutafuta nimupige. Wewe nitakupiga namna gani? Dada yangu atanifungia mlango."

"Ikiharibika," Kambale akasema, "nitafunga gereji nirudi Butembo kulima viazi."

"Utafunga nini? Uko na mlango?"

Wakacheka wote. Uwanja hauna hata ukuta. Muhindo akakubali.

Lakini Kambale hakuwa anatania. Gereji yake ya kwanza, kule Buhene, ilifunikwa na lava mwaka 2021. Hii ni ya pili. Jina lake likichafuka hapa, hakuna atakayemwachia gari.

Ijumaa, 21 Februari

Sefu ameondoka alfajiri kupitia mpaka wa Bunagana. Gunia moja. Ndani mna pampu yangu, vitu vya wengine, na kremayeri ya Muhindo, kile chuma kirefu kinachogeuza magurudumu ya mbele. Ni ya taksibasi anayoitengeneza. Mwenye basi ana watoto na hana kazi nyingine. Anakuja kila siku, anakaa kwenye tairi.

Jumamosi, 22 Februari

Sefu amepiga simu. Kwenye kizuizi cha barabarani waasi waliuliza gunia lina nini. Kijana amekulia dukani kwa shangazi yake. Akajibu kama anavyojibu siku zote: "Maiti."

Bunduki zikainuliwa. Wakamlaza chini kifudifudi. Walipofungua wakakuta vyuma na mafuta machafu. Mmoja alicheka, mkubwa wao hakucheka. Sefu wamemwachia. Gunia wamelishika.

Ameendelea na safari mikono mitupu. Ana majina ya vipuri kwenye simu, basi.

Kambale ameosha mikono mara mbili wakati hakuwa ameshika kitu. Nina wasiwasi.

Jumatano, 26 Februari

Sefu amerudi. Kizuizini wamempa gunia lake, halijapungua kitu. Pampu yangu mpya imekaa vizuri. Vipuri vya wengine pia. Watu walianza kupiga makofi.

Kisha Muhindo akalaza kremayeri mpya juu ya mawe, na maiti yake pembeni. Urefu mmoja. Meno yaleyale. Lakini kichwa, pale inapoungana na usukani, kimoja kilikuwa kulia na kingine kushoto. Kama mtu na kioo chake.

Kampala magari yana usukani kulia. Muuzaji hakuuliza. Hapa Goma tuna ya kulia na ya kushoto, yanapishana barabara moja, na kwa sababu hiyo hakuna anayetaja upande. Maiti ndiyo ingesema.

Makofi yakafa. Mwenye basi alisimama kutoka kwenye tairi.

"Kambale," Muhindo akasema, "umenizika muzima." Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 27 Februari

Mama Zaina amekuja mwenyewe. Akaigeuzageuza kremayeri mpya kwenye kanga yake. "Hii haina kosa. Hapa Goma volan iko kuume, iko kushoto. Itapata bwana yake." Usukani anauita volan. Ataiuza dukani na kuagiza nyingine. Hasara ya safari ni yake, kwa kuwa mpwa ni wake.

Kambale alimshukuru, akarudi kupanga funguo zake kwenye sanduku. Anazipanga kama mtu anayehama. Muhindo hakuonekana.

Jumamosi, 1 Machi

Nimemwona Muhindo mtaani Katindo, amesimama na komisionere mmoja. Wanaongea karibu karibu. Sikumwambia Kambale. Bila Muhindo wengine watatoka mmoja mmoja. Namuonea Kambale huruma, na sina la kufanya.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Sefu alikuwa anafunga gunia la safari ya pili, jepesi. Kambale alisimama tu. Sanduku lake lilikuwa limefungwa.

Muhindo akaja akiwa amebeba kitu kwenye koti. Kremayeri ya zamani. Ameifunga kitambaa chekundu upande wa usukani.

"Yule komisionere," akamwambia Kambale, bila kumtazama, "alitaka fedha kwanza. Maiti hakutaka hata kuiona."

Kambale akashika upande mmoja, Muhindo mwingine, wakaitia ndani ya gunia. Mwenye basi aliwashikia mdomo wa gunia.

Muhindo akamkazia Sefu kamba ya gunia, kisha akamshika sikio, polepole.

"Wakikuuliza, sema chuma."

Nimerudi nyumbani kwa gari langu. Halivuji.