Nailoni Uliyofunga Kwenye Tangi la Gari

Baba Watoto,

Chakula kipo jikoni, kimefunikwa. Mtoto achukuliwe shule saa nane, usisahau kama jana. Gari ninalo mimi, na limepona.

Ndiyo, limepona. Asubuhi lilinizimikia tena barabarani baada ya dakika ishirini, kama kawaida yake. Nikafungua mfuniko wa tangi nione kama mafuta yapo. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amekabwa koo. Nikawasha, likawaka. Kuchungulia mfuniko, nakuta umeuvisha kwa ndani nailoni ya mkate na kuifunga kwa mpira wa nywele wa binti yako! Eti unazuia harufu ya petroli. Umeziba tundu la hewa, bingwa wewe. Tangi lisipopumua, mafuta hayafiki kwenye injini.

Miezi miwili umebadilisha plagi, pampu, betri. Ukamfukuza fundi, eti hajui kazi. Ulipokosa cha kubadilisha ukanigeukia mimi: mguu wangu ndio unaoua injini. Ukayasema hayo mbele ya mama yako.

Nimerudi kukwambia, nimekukuta unakoroma.

~~Mpigie fundi simu umwombe radhi.~~ Simu haitoshi. Nenda kwake, kwa miguu.

Nailoni yako ni hiyo, chini ya kikaratasi hiki. Mama yako anakuja saa kumi. Mwonyeshe, kisha umweleze kwa mdomo ule ule.

Mama Watoto, asiyejua kuendesha