Jani mubichi ya Mama Kavira

Mujukuu wangu Masika,

Hapa Mususa tuko muzima, koko wako mwanamuke, bibi yangu, anakusalimia. Unauliza ni sababu gani, mbele ya kuanza kufundisha biashara, hata wakati bananiita kufundisha kule Ulaya, ninaweka jani ya ndizi ku meza.

Wakati wa vita nilijificha siku tatu karibu na soko ya Mutwanga. Batu bote balikimbia, bakaacha vitu. Kwetu muuzaji akitoka kidogo, anafunika vitu yake na jani, ni kusema: "Narudia hapa hapa." Majani yote yalikauka, isipokuwa ile ya Mama Kavira, muuza maharagi. Kila asubui ilikuwa mubichi, na mu matope hapana alama ya muguu.

Nyuma ya vita balinielezea: kumbe Mama Kavira alikufa siku ya kwanza, mu njia ya kukimbia.

Banafunzi bananiuliza biashara inaanzia wapi. Ninabaonyesha jani, ile ahadi ya kurudia, kisha ninaangalia mulango.

Koko wako