Fundo la Bimenyimana

Valens, we kaa chini kwanza. Fundi Bimenyimana ameumbuka gerejini kwake, mbele ya mkewe Verediane.

Wiki tatu Corolla yake kuukuu inakohoa ikiwa imesimama. Akikanyaga mafuta, inatulia. Akaamua kosa ni la shemeji yake Habiyambere, muuza esanse, yaani petroli. Akatangaza mpaka mlangoni pa kanisa: "Huyu anachanganya maji!"

Wateja wakamkimbia Habiyambere.

Leo Habiyambere amekuja gerejini. "Muramu, shemeji yangu, mi nasimama hapa. Nionyeshe hayo maji."

Bimenyimana akachomoa waya za plagi moja moja. Kila akichomoa, injini inazidi kulegea. Silinda zote nzima! 

Akanyunyizia maji mipira ya kupitisha hewa kwenye injini. Kikohozi kikakatika ghafla. Mpira mmoja umepasuka, unanyonya hewa mpaka maji yauzibe, na umefungwa kwa uzi wa nyavu za samaki.

Uzi wa nyavu, Valens!

Verediane akainama, akalitazama fundo, akamgeukia mumewe. "Na hapa muvuvi wa zamani iko nani, papa Iriza?"

Maji yakakauka. Injini ikaanza tena kukohoa.

Bimenyimana akaizima. "Muramu, Jumapili twende kanisani pamoja. Nitasema mlangoni palepale."