Kikao Kilifunguliwa kwa Maombi

Jumatatu jioni. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi. Sina huzuni, sina hasira. Nipo tu.

Jana wapangaji wenzangu hapa Kileleshwa walipiga kura kwamba mimi na familia yangu tuhame.

Nimeiandika nione kama itauma. Bado haijauma.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: nina binti mmoja, Wambui, wa miaka kumi na miwili. Haongei. Hajawahi kuniita mama. Lakini sauti anayo, na kila alfajiri hutoka yote kwa pamoja. Hupiga kelele na kugonga ukuta kwa kiganja, nusu saa, siku nyingine zaidi. Kisha hunyamaza, anakunywa uji, na siku inaanza. Tulipohamia hapa nilipita mlango kwa mlango nikiwaeleza majirani. Hata godoro la zamani nililiegemeza kwenye ukuta wa upande wa Lydia.

Lydia ni jirani yangu, tena tuko naye ushirika mmoja kanisani. Aliwahi kumwekea Wambui mikono kichwani akamwombea mpaka yeye mwenyewe akalia. Ndiye aliyemwandikia mwenye nyumba barua kulalamikia kelele, naye mwenye nyumba akawaachia wapangaji waamue.

Nilijua habari ya barua mwezi mmoja uliopita. Tangu hapo nimefunga siku tatu. Nimeomba ofisini Westlands, kwenye ngazi za dharura, kwa sababu ndiko pekee kusikopita mtu. Sikuomba mtu apatwe na mabaya. Niliomba jambo dogo tu, mtu mmoja abadili nia.

Kimya.

Kikao kilifanyika jana alasiri, huku chini kunakoegeshwa magari. Mwenyekiti wetu, Bwana Mutiso, alisema tuanze na neno la maombi, akamwita Lydia. Lydia akaomba vizuri, kama kawaida yake. Alimsihi Mungu atupe hekima na upendo, na atawale kikao chetu.

Nilisema Amina.

Ilitoka yenyewe. Kikao cha kunifukuza, nami nikakitilia Amina kama wengine wote.

"Mama Wambui, usichukulie vibaya," Lydia akaniambia. "Tunakupenda wewe na mtoto. Lakini mume wangu anatoka kazini saa kumi usiku, na mimi mwaka mzima sijalala vizuri."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na chini yake pamevimba. Hakuwa anadanganya. Nadhani hilo ndilo lililonimaliza nguvu, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mbaya.

Mikono kumi na mmoja ikainuka. Wawili hawakuinua, waliinamia simu zao. Mutiso akauliza kama nina la kusema. Nikasema hapana. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi ujao.

Nilipopanda juu nilimkuta mama yangu, ambaye hukaa na Wambui nikiwa kazini.

"Wamesemaje?"

"Tuhame."

"Haya. Umekula?"

Nilitaka alie ili na mimi nipate kulia. Akanipakulia githeri. Nikala yote.

Nikiri jambo. Nimewahi kukaa kwenye matanga ya watu, nimewashika mkono, nikawaambia Mungu akinyamaza ndipo anapofanya kazi. Nililisema kwa urahisi sana. Jana mtu angeniambia hivyo ningemwangalia tu. Lakini nilipojaribu kusema moyoni kwamba Mungu hayupo, hilo nalo lilikataa kutoka.

Leo mchana niliomba ruhusa kazini nikaenda Kangemi kuona nyumba. Vyumba viwili, chini kabisa, mwisho wa ploti yenye wapangaji wengine. Anayeisimamia anaitwa Mama Shiro, mwanamke wa makamo. Njiani nilikuwa nimetengeneza jibu langu: mtoto ni mmoja, mpole, hasumbui. Nilikuwa nimelirudia mpaka likakaa sawa mdomoni.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Watatu. Mimi, mama yangu na mtoto." Kisha nikajisikia nikiendelea. "Mtoto haongei. Anapiga kelele alfajiri, kila siku. Ninakokaa wametufukuza kwa sababu hiyo."

Akashusha macho kwenye funguo zake.

"Ni ugonjwa?"

"Alizaliwa hivyo."

"Ungenificha ningejua wiki ya kwanza," alisema. "Wacha kwanza niongee na watu wa ploti, si vizuri niwaletee jambo bila kuwauliza. Nitakupigia Jumatano."

Yaani kura nyingine, na mimi sitakuwepo.

Ningependa kuandika kwamba nilitoka pale na amani. Sikuwa nayo. Nilikuwa na baridi miguuni, na nilichelewa kurudi kazini.

Lakini tangu saa nane nimekuwa nikifikiria jambo moja. Ningedanganya, saa hii nyumba ingekuwa yangu. Sikudanganya. Nimeacha makao ya mwanangu mikononi mwa watu nisiowajua, na nyuma yao mikononi mwa Mungu ambaye mwezi mzima hajaniambia neno. Mtu huacha kitu kama hicho kwa asiyemwamini?

Labda ni uchovu tu. Labda imani ya mtu aliyechoka huwa hivi, haina hisia yoyote ndani yake.

Jumatano simu italia, au haitalia. Nimeshasema kweli, na sitairudisha.