Nilisema Nimeshiba

Mpendwa Mama Emérita,

Naomba unishike mkono, mama, kama unavyowashauri wengine wanaokuandikia, maana nimempoteza mtu ambaye hata sikuwa nimempata vizuri. Tangu tuhame Rwanda baada ya ile njaa kubwa, mume wangu Gatera na mimi tunachunga ng'ombe huku milimani Mushaki, ng'ambo ya mpaka, na nyasi ni nzuri, maziwa yanauzika, lakini mimi kila jioni nilikuwa nageuza uso upande tuliotoka na kulia kimya kimya, mpaka siku moja nikitoka kuuza maziwa ikanikuta mvua ya mawe barabarani, nikakimbilia baraza ya nyumba nisiyoijua, na mwenye nyumba, mama mmoja mkulima aitwaye Anastasie, akanivuta ndani bila kuniuliza mimi ni nani, akanivua nguo iliyolowa, akanifunga kitenge chake mwenyewe, akaniketisha karibu na moto, tukaongea habari za watoto na za viazi vilivyooza shambani, tukacheka, na nikasahau kabisa kwamba niko ugenini.

Kisha akaleta bugali na maharage katika sahani moja, akasema, “Kula, dada, hapa iko kwako.” Nami nikajibu, “Aksanti mama, nimeshashiba,” wakati tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni, ila kwetu wafugaji mwanamke mwenye adabu haonekani akitafuna mbele ya watu asiowajua, hata njaa imuue, nami nilidhani namheshimu. Akanitazama, akafunika chakula, hata yeye hakula. Mvua ilipokatika akanionyesha mlango, akasema tu, “Njia njo ile.”

Sasa tukikutana kanisani hajibu salamu yangu, na jirani ameniambia kwamba huku ukikataa chakula cha mtu ni kama umemwambia ametia sumu. Kitenge chake bado ninacho. Gatera anasema, “Tuma muntu akirudishe, maneno iishe.” Mama mkwe wangu ananisifu kwa kutokula: “Ulifanya muzuri. Mwanamuke ya adabu hakulake kwa batu.” Lakini nikikirudisha hivyo, sitakuwa na sababu tena ya kupita kwake, na huku sina kwingine. Nifanye nini?

Daphrose, Mushaki

Daphrose binti yangu,

Pole, lakini pole nusu. Nusu ya pili nakugombeza. Mtu asiyekujua amekuvua nguo, hukuona haya. Alipokuletea maharage ndipo ukakumbuka adabu?

Mila ya kwenu siidharau. Ni nzuri kwenu, ambako kila mtu anaijua. Mama Anastasie hakujua kwamba unamheshimu. Aliona tu chakula chake kinapoa. Usimlaumu kwa kununa. Amekufungulia nyumba yake, naye akaaibika humo humo ndani.

Mama mkwe wako mheshimu, mjibu kwa upole, lakini katika hili usimfuate, maana si yeye anayelia jioni. Na Gatera mwambie kitenge hakitumwi. Maneno anayotaka yaishe ndiyo hayo unayoyatamani na yule mama.

Kifue, ukikunje, uende mwenyewe. Usiende asubuhi, nenda saa ya chakula, ukiona moshi unatoka juu ya paa. Maziwa unaweza kubeba, lakini usiyatangulize, asije akadhani umekuja kulipa na kuondoka. Mweleze desturi yenu kwa maneno machache bila kujitetea sana. Akinyamaza, usikimbie, keti pale pale ulipoketi. Mgeni hupewa chakula, lakini mtu wa nyumbani hukiomba. Siku ile ulimdanganya kwamba umeshiba. Safari hii usile kitu tangu asubuhi, ili umwambie kweli: “Mama Anastasie, niko na njala.”