Mguu wa Théophane Redioni

Azélie, huna haya. Barua yako naitoa yote hapa gazetini, watu wa ghuba yetu ya Baie Sainte-Marie waisome, ndipo nikujibu.

"Bibi Ozite, nimekwama, nisaidie. Mimi na kaka yangu Théophane tumepiga muziki miaka ishirini na sita, mimi naimba, yeye amekaa anapiga fidla huku miguu yote miwili inagonga ubao, ndiyo ngoma yetu, nyingine hatujawahi kuwa nayo, tulianzia jikoni kwa mama tukafika hadi Ufaransa, sasa majira ya baridi yaliyopita ugonjwa wa sukari ukamla mguu wa kulia, wakaukata, akaniambia fidla basi, nami nilishakubali maonyesho, nikatafuta mpiga fidla mwingine, na mlio wa miguu yake nikautoa kwenye kanda yetu ya zamani, watu wakashangilia, kaka sikumwambia, Jumapili redio ikarusha onyesho moja, akanipigia simu akasema, 'Azélie, nimesikia mguu wangu redioni. Nani kauvaa?' akakata, tangu hapo nagonga mlango wake wa mbele hafungui, na Agosti kumi na tano, sikukuu yetu, tunangojwa jukwaani, je, nitumie kanda au niache?"

Kaka yako kajifungia ndani, wewe unaniuliza habari za kanda. Pole, mguu kukatwa ni msiba, na najua ulilia. Sikusoma sana, lakini naona kulia hakukukuzuia kubonyeza kitufe. Alikwambia fidla basi. Kugonga je, ulimuuliza? Uliutazama mguu uliokwenda ukausahau uliobaki. Marehemu mume wangu aligonga kwa mguu mmoja baada ya mashua kumponda mwingine, nyimbo zikachechemea, nasi tukacheza tukichechemea jikoni humu humu.

Na tangu lini unagonga mlango wa mbele kwa ndugu yako? Mlango ule ni wa padri na jeneza. Ameusikia ukigongwa, kajua umekuja kama mgeni.

Sikudanganyi. Huenda akakufukuza. Huenda kikundi chenu kimekwisha, na sauti yako nayo haipandi kama zamani, wenzako wanakuficha tu. Lakini huwezi kumzika mtu nusu, nusu nyingine ukaipandisha jukwaani.

Kanda itupe leo. Waambie wa sikukuu hamji. Kisha beba ule ubao, ingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, omba radhi, uuweke chini ya mguu wake wa kushoto. Ukae. Na usifungue kinywa kuimba mpaka agonge yeye.